Kigugumizi Mbele ya Wakwe

Dada Nekesa,

Pokea salamu kutoka kijiji cha Petta, huku Tororo, tulikokuja kumposea binamu yetu Wafula. Mvua ilitunyeshea njiani, na leo Mjomba, msemaji wetu, ameamka sauti imemkauka. Akaninong'oneza, "Barasa, simama wewe."

Mimi huyu, na kigugumizi changu. Nikasimama mbele ya wazee wao, na neno la kwanza likakwama. Wafula akataka kunimalizia, lakini mama wa msichana akamkatiza: "Wacha yeye. Sisi nangoja, haraka hapana."

Nikakukumbuka wewe, ulivyokuwa ukiwanyamazisha wote mezani mpaka nimalize nilichotaka kusema. Miaka yote nilidhani ujasiri wangu nimeutafuta peke yangu, kumbe ni wewe uliyeulea.

Basi nikasema yote, nikikwama na kuendelea, hadi mwisho. Wamekubali, dada. Vigelegele vimepigwa, na mimi nimepakuliwa ugali wa wimbi na kuku wa mchuzi wa karanga kabla hata ya Wafula.

Mungu akupe afya na raha. Nusu ya ushindi wa leo ni yako.

Mdogo wako,
Barasa