Godoro Lirudi Ndani

Baba Ramla,

Anjera nimezifunika kwa sufuria, chai iko kwenye chupa. Ramla asiende madrasa bila kula.

Nimeamka saa moja. Maziwa ya ngamia hufika sokoni saa kumi na mbili, na Fathi, mchuuzi mwenzangu, huenda ameshachukua madumu yangu. Hata swala ya alfajiri imenipita.

Najua jana nilisema unakoroma kama lori la maji lililokwama mchangani. Nilikuwa nimechoka. Sikukutuma utoe godoro ukalale uani.

~~Leo ulale huko huko.~~

Hapana. Miaka tisa sijaamshwa na adhana wala simu. Naamshwa na wewe. Muadhini akianza unainuka, mkoromo unakatika, na ule ukimya ndio unaonishtua. Jana kulikuwa kimya tangu mwanzo, nikalala usingizi ambao sijaupata tangu unioe.

Umeswali, umerudi godoroni, na sasa nimefungua dirisha nakusikia ukikoroma uani. Kichwa kinaniuma.

Kabla ya magharibi rudisha godoro ndani. Na usiku ukorome, tafadhali. Kesho nina kazi.

Mama Ramla