Labeka Iliyonipeleka Mbali

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute u mzima, na kile kikohozi kimetulia. Mimi mwili ni mzima, upweke ndio unaonimaliza. Kila nikipiga simu dada Mwanasha husema uko shambani. Shamba gani hilo, mama, la mwaka mzima? Ndipo nikaona niandike.

Wenzangu wanarudi nyumbani wiki ijayo. Afande ameniagiza niandike historia ya kikosi chetu kidogo cha wahandisi, wapate kuisoma wageni wanaokuja kushika nafasi zetu. Tulikuja tisa, wote wa kujitolea. Tulitengeneza barabara zilizokatwa na mvua, na sasa tunajenga daraja. Mwislamu ni mimi pekee. Ramadhani nilifuturu nyuma ya tingatinga, peke yangu, na siku ya Idi nililia.

Nilipofika mahali pa kumtaja aliyejitolea wa kwanza, kalamu iligoma. Orodha inasema ni mimi, nawe ndivyo unavyoamini: kwamba nilikuacha Kinondo, eda ya baba haijaisha, kwa kupenda kwangu. Sikiliza basi. Siku ile afande aliuliza nani yuko tayari kuja huku mbali. Hakuna aliyeinua mkono. Mara akaona kamba ya kiatu changu imefunguka, akaniita kwa ukali, "Bakari!"

Nami nikaitika kama ulivyonifunza kuwaitikia wakubwa: "Labeka!"

Afande ni mtu wa bara. Akauliza, "Anasema nini huyu?"

"Anasema yuko tayari, afande," akajibu mwenzangu mmoja mpenda mzaha.

Akaniandika, wakanipigia makofi. Niliona haya kumkosoa mkubwa mbele za watu, na kwa haya hiyo nikakuacha peke yako. Nisamehe, mama.

Lakini kuna jingine, na sitaki ulisikie kwa mtu. Jana afande aliuliza nani atabaki kumaliza daraja, maana wageni hawaujui mto huu. Kina mama wa hapa huuvuka na watoto mgongoni, maji yakiwafika kifuani. Hakuniita mtu. Niliinua mkono mwenyewe. Ni miezi sita tena.

Nisalimie dada Mwanasha na wanawe. Ami Hamisi, fundi wa madema ya kutegea samaki, mwambie mafundo aliyonifundisha nafungia mbao za daraja.

Ile mara ya kwanza usinihesabie, mama. Hii ya pili ndiyo yangu. Nigombeze utakavyo, lakini nigombeze nisikie sauti yako.

Mwanao akupendaye,
Bakari