Spika za Shemeji Kefa

Jumamosi, 3 Mei 2025

Leo Noah yetu imepata sauti! Shemeji Kefa kaja asubuhi na kiroba begani, kakitua mezani kwangu juu ya kitenge cha mteja, bila hata hodi. Ndani spika mbili za milango ya mbele. Kubwa, nzito. Zawadi, anasema. Eti kaka yake hawezi kuendelea na redio inayonong'ona kama mgonjwa.

Kweli zile zilizokuja na gari toka Japani zilikuwa zimekwisha. Karatasi zimechanika, ya kulia inakoroma tu. Na redio yenyewe haivuki tisini, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa Dodoma hatuzipati. Baba Anitha akiendesha huwa anaimba mwenyewe.

Wameshinda uani Baba Anitha, yaani Lameck wangu, na mdogo wake. Kava za milango chini, nyaya nje, bisibisi mdomoni. Kefa kafunga na kile kidude cha kupandisha masafa, sasa redio inashika mpaka mwisho. Anitha kacheza hadi kandambili imekatika. Miaka tisa, kiuno sijui kakitoa wapi.

Besi ilipogonga niliisikia kifuani. Siipendi. Baba Anitha kacheka, kasema mke wangu anaogopa hata pasi iliyozimwa. Sawa. Mimi mwoga, nimezaliwa hivyo. Lakini spika nzuri hivi, hazina boksi, hazina hata karatasi ya dukani? Nikamuuliza Kefa kanunua wapi. Kwa mtu wa spea, kasema. Mtu gani? "Shemeji, ukipewa kuku unauliza jina la mama yake?"

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya ibada vijana wa kwaya wameizunguka Noah. Milango wazi, muziki juu. Mchungaji kapita, katabasamu, kasema basi tupunguze kidogo.

Tumerudi Chang'ombe tukamkuta Zuleha barazani kwake anachambua mchele. Jirani yangu, nyumba ya tatu. Nikamwambia Baba Anitha azime muziki kabla hatujampita. Kazima. Hata yeye anaelewa. Mume wa Zuleha, Seleman dereva teksi, aliondoka Ramadhani hii, mchana, na abiria wawili waliomkodi kwenda Mlali. Kasema atarudi kufuturu. Uji wake ulipoa mezani. Mpaka leo hakuna Seleman, hakuna gari. Ile meseji yenye picha yake na namba ya gari tuliisambaza sote. Nadhani hakuna simu mtaani ambayo haikuwa nayo.

Zuleha kanipungia mkono. Kasema kesho kutwa analeta kitambaa.

Jumanne, 6 Mei

Mlango wa kushoto unapiga kelele. Trrr-trrr kila ukifika kwenye mawe. Baba Anitha anasema nimwachie Kefa atautazama. Kefa haonekani. Nina mabaki ya sponji, nitaubana mwenyewe. Mtu anayeshona suti atashindwa na mlango?

Zuleha hakuja.

Jumatano, 7 Mei

 Naandika kabla hawajarudi.

Baba Anitha kaenda kazini kwa miguu, Anitha shule. Nimefungua kava la mlango. Rahisi tu, skrubu na vishikizo. Nikatoa spika nipachike sponji. Nikaona kelele inakotoka: sumaku ya nyuma imezungushiwa tepu nyeusi ya umeme, ncha imebanduka, ndiyo inayopiga kwenye bati. Nikaivuta niibandike upya. Ikatoka yote.

Chini yake namba imechorwa kwa ncha ya chuma. Namba ya gari.

Hapa kila mwenye gari anachora. Kwenye vioo, kwenye taa, mwizi aking'oa asipate pa kuuza. Ya kwetu imechorwa pia. Lakini kwenye spika? Mtaa huu namjua mtu mmoja tu aliyechora hata jeki na kifuniko cha tangi. Zuleha alikuwa akimcheka — eti Seleman akipata nafasi atanichora na mimi shingoni. Seleman huyo huyo.

Nikaitafuta ile meseji kwenye simu. Nikasogeza spika dirishani. Inaanza T 607. Herufi zilizobaki siziandiki hata hapa. Ni zile zile. Nimesoma mara nyingi, nimesoma kinyumenyume, ni zile zile.

Nimerudisha tepu, nimerudisha spika, nimefunga. Skrubu moja imebaki mkononi, sijui ni ya wapi. Nimeitupa kwenye kopo la vifungo.

Alhamisi, 8 Mei

Kefa alikuwa Mlali Machi nzima. Akimsaidia mama yao palizi. Sikutaka kukumbuka, nimekumbuka.

Lakini watu wangapi walikuwa Mlali Machi! Mlali ni kwao. Na huenda kweli kanunua kwa mtu wa spea. Mtu wa spea kanunua kwa mtu mwingine. Kefa hajui hata kuchinja kuku vizuri. Krismasi alimponyoka, damu ikamwagika uwanja mzima, tulicheka.

Ila nani kafunga tepu?

Zuleha kaleta kitambaa leo. Cheupe. Nikakitazama. Kaona nakitazama, akasema hapana, bado si eda. Shehe kamwambia hana maiti, hana ushahidi wowote, hawezi kukaa eda ya mtu ambaye hajulikani kafa. Asubiri. "Mama Anitha, mimi si mke si mjane. Nikivaa rangi wananisema, nikivaa nyeupe nimemuua mwenyewe." Kasema nimshonee tu, kikae. Angepata kitu kimoja cha Seleman, hata kiatu, angejua pa kuanzia.

Nilikuwa nampima bega. Mita ilinianguka. Mlango wa kushoto wa Noah ulikuwa hapo hapo dirishani, hata hatua kumi hazifiki. Nikasema, pole dada. Basi. Hilo ndilo nililolisema! Pole!

Naona haya. Lakini uoga umezidi haya.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemwambia Baba Anitha. Nilingoja amalize kula. Nikasema, kwenye spika ya kushoto kuna namba ya gari imefichwa kwa tepu.

Hakuuliza namba gani. Hakuuliza ya nani. Aliweka kikombe chini taratibu, akauliza: "Umemwambia nani?"

Sijamwambia mtu. Akasema vizuri. Akasema vitu vya sokoni vina mengi, Kefa ni kijana, kanunua bila kuangalia. Tukienda polisi wa kwanza kukamatwa ni Kefa, wa pili yeye mwenye gari. Na mama yake wa Mlali presha itamuua kabla ya kesi. Kasema mengi. Miaka kumi na mmoja ya ndoa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo.

Nikamuuliza, wewe ulijua? Kasema, "Mama Anitha, lala."

Sikulala.

Jumapili, 11 Mei

Kasema anaumwa kichwa, haendi kanisani. Tulienda mimi na Anitha. Sala ya kuungama iliponifika mdomoni nikaiacha ipite, nikawa natazama migongo ya watu.

Tuliporudi, uani kumefagiwa. Baba Anitha hajawahi kushika ufagio tangu anioe. Akaingia kuoga, nami nikafungua mlango wa kushoto. Sasa vishikizo navijua. Tepu haipo. Namba haipo. Sumaku inang'aa kama sufuria jipya, imepigwa tupa mpaka chuma kimetoka cheupe. Wa kulia sikufungua. Sikuwa na haja.

Kwa hiyo sasa ni neno langu tu. Neno la mwanamke anayeogopa pasi.

Nimemuwekea chakula. Amekula. Tumeongelea ada ya Anitha na mvua zilivyokatika mapema. Nilikuwa namtazama mikono. Kucha zina vumbi la chuma, na mikono ni ile ile iliyomshika Anitha alipozaliwa. Namwogopa mume wangu. Nimeliandika, sasa lipo.

Jumatatu, 12 Mei

Gauni la Zuleha limekwisha. Nimelipiga pasi mara mbili. Hakuja kulichukua, mimi sikulipeleka.

Jumanne, 13 Mei

Kefa kaja jioni. Shikamoo shemeji, kama kawaida. Ile sauti yake ya utani. Lakini leo kakaa kwenye kiti cha wateja, karibu sana na mashine yangu, akawa anachezea mkasi.

Kasema kasikia mlango unapiga kelele. Nikasema umepona. Kasema kasikia nimeufungua mwenyewe, hongera, mwanamke fundi. Halafu kasema mama anaumwa Mlali, kifua, hawezi hata kusimama. Kesho anakwenda na Noah kumleta hospitali. Mgonjwa ni mwanamke, anahitaji mwanamke wa kumshika. Kaka kakubali niende.

Nikamtazama Baba Anitha mlangoni. Kasema, "Ni mama, Ruthu. Nenda tu."

Ruthu. Ananiita Ruthu siku za msiba tu.

Nikasema nitakwenda. Nilisema haraka, kwa sauti nzuri kabisa. Nilikuwa naogopa kukataa kuliko kwenda. Kefa akauweka mkasi mezani, ncha ikinitazama mimi.

Jumatano, 14 Mei

Nimejifungia chumbani. Ufunguo wa Noah ninao mkononi. Niandike haraka.

Anitha nimempeleka shule mwenyewe, nikamwambia mwalimu leo dada yangu Elisante ndiye atakayemchukua. Elisante hajui bado. Nimemtumia meseji, haijafika.

Niliporudi gari liko nje ya geti, Kefa kawasha muziki, anapangusa kioo. Baba Anitha kasimama pembeni na kikapu changu. Nikasema nikaage majirani tu. Hapo ndipo Zuleha akatokea. Kasikia kuna gari la Mlali. Kaomba lifti. Anataka kuuliza tena vijijini huko, alikwenda mara moja na watu wa mtaa, safari hii anataka aende mwenyewe, aingie nyumba kwa nyumba. Kefa hakusita hata kidogo. "Karibu, dada. Nafasi tele. Kaa mbele, muziki unasikika vizuri."

Baba Anitha alikuwa anatazama viatu vyake.

Zuleha kakimbia kwake kuchukua mkoba. Njiani kageuka, kaniambia kwa furaha, nipe na gauni langu, nitalivaa huko huko nikipata habari. Furaha! Kefa akaenda nyuma kuangalia tairi. Sijui nini kilinishika. Niliingiza mkono dirishani, nikazungusha ufunguo, nikauchomoa. Muziki ukakatika. Mtaa mzima ukawa kimya, nikasikia kuku wa jirani. Wote wawili wakageuka. Nikasema nimesahau kitenge cha kumfunika mama. Nikaingia ndani nikitembea, sikukimbia. Mpaka mlangoni kwa chumba. Komeo.

Nimempigia mama mkwe. Nilitaka tu kusikia kifua chake. Kapokea mara moja, nyuma yake wanawake wanacheka. Yuko shambani anang'oa karanga! Mzima, marahaba mwanangu, mzima kabisa, karanga mwaka huu zimekubali, Anitha akifunga shule mumlete. Nikamuuliza kama Kefa anakuja leo. Kasema Kefa hajampigia tangu Pasaka.

Mungu wangu.

Huyu hapa Kefa, anagonga. Kwa kidole kimoja. Shemeji, ufunguo, jua linapanda.

Sasa ni Baba Anitha. Ananiita Ruthu tena. Anasema fungua tuongee. Nikamwambia nimeongea na mama, anang'oa karanga. Halafu namsikia anamuuliza Kefa kitu kwa Kigogo, chini chini. Anamuuliza tena, na sauti yake sijawahi kuisikia hivyo. Sijui kama ni ya mtu aliyedanganywa au ya mtu aliyegunduliwa. Miaka kumi na mmoja, na sijui!

Zuleha karudi. Nasikia kandambili zake sebuleni. "Mama Anitha, kulikoni? Tunachelewa." Anacheka kidogo. Anadhani ni ugomvi wa mume na mke.

Mlango ni mmoja. Nikimfungulia yeye nimewafungulia wote. Dirisha lina nondo.

Nimesema kwa nguvu: "Dada Zuleha, spika za hilo gari ni za Seleman. Usipande."

Nimesema. Nimelisema kweli, kwa sauti, wamelisikia wote.

 Mtu kashika ukuta, nasikia kucha. Mtu mwingine anapumua karibu kabisa na tundu la kitasa. Na viatu vya mtu vinatoka nje, taratibu, havikimbii. Viatu, si kandambili. Sijui ni vya nani kati ya wawili wale, na geti bado halijalia.