Niliomba Kura, Si Kula

Samuye, Shinyanga

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na kifua cha Baba, baridi ya mwaka huu imemwacha salama? Mimi mwili mzima, ila moyo hauko mahali pake. Nawe Zuhura, mdogo wangu unayemsomea Mama, soma polepole, na kila penye ra itamke ra. Utaona kwa nini.

Mama, nilitaka kuongoza chama chetu cha walimu. Najua utasema, "Sefu na kimbelembele chake." Safari hii hapana. Nina mwenzangu, Mwalimu Petro, Msukuma mpole anayefundisha Rwamgasa, kule wanakochimba dhahabu. Wanafunzi wake wakubwa wote walitoroka kwenda mashimoni. Mkaguzi wa shule, Mzungu mmoja mwenye haraka zake, akakuta madawati matupu, akasema Petro ni mvivu na atamfukuza. Sisi wenzake tukanung'unika pembeni, basi. Nikaona lazima apatikane kiongozi wa kumkabili mkaguzi hadharani, na kwa kuwa ulimi ninao, nikajitokeza mimi.

Nikazunguka shule kwa shule kwa baiskeli, nikafika Ibadakuli, kisha nikadandia lori mpaka Rwamgasa. Kila mahali nilisimama mbele ya walimu na wazazi nikinguruma, "Nipeni kura nimtetee Petro!" Makofi yakalia. Sasa Mama, watu wa huku ra haiwakai mdomoni. Habari wao wanasema habali. Na hiyo kura yenyewe wengi hawajawahi kuisikia. Basi ikaenea vijijini kwamba mwalimu wa pwani anaomba kula.

Wakaleta! Mara michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, mara maziwa ya mgando. Mwanzoni nilicheka. Nikiwaeleza, "Si kula, ni kura," wananijibu kwa heshima zote, "Ndiyo, Mwalimu, kula," na bakuli jingine linakuja. Nilipandwa na hasira mpaka nikatamani kulia. Kule Rwamgasa akanijia Mama Kulwa, mke wa Petro, na kuku jike, ndiye pekee aliyebaki uani kwake. Akapiga goti. "Ule, Mwalimu, upate nguvu ya kumsemea Baba Kulwa." Kumrudishia kungekuwa kumtukana. Nilimla, Mama, naye akinitazama mpaka tonge la mwisho.

Siku ya uchaguzi mkaguzi akaja mwenyewe, maana bila ruhusa yake hatukutani. Alikwisha kusikia kwamba kuna mwalimu anayewatoza watu chakula. Akaniuliza mbele ya wote. Nikaeleza habari ya ra na la mpaka jasho likanitoka. Kiswahili chake ni cha vitabuni, akadhani namcheza shere. Akasema, "Una shahidi?" Petro akasimama kabla sijamzuia. Alisimama kwa ajili yangu, yeye ambaye ndiye niliyekwenda kumtetea.

"Bwana, nasema kweli tupu. Huyu hakuomba chakula. Aliomba kula tu."

Mkaguzi akainua uso.

"Kula tu?" mkaguzi akauliza.

"Kula tu, bwana. Na mimi na mke wangu tulimpa kwa moyo mmoja."

Nikafungua mdomo, na ulimi huu mnaousifu huko nyumbani haukutoa neno. Jina langu likafutwa. Petro akafukuzwa palepale, akiambiwa amenihonga. Uongozi wamempa mzee mmoja asiyependa kelele. Mimi kazi ninayo, ila nimekatazwa kusema katika mkutano wowote wa walimu. Nitamlalamikia nani, Mama, na wa kulalamikiwa ndiye mkaguzi huyohuyo?

Juzi Petro alipita kuniaga. Anaingia mashimoni, akachimbe pamoja na watoto aliowafundisha kusoma; wao ndio watakaomwonyesha kazi. Mpaka leo hajui alisema nini. Alinishika mkono akaniuliza, "Mwalimu, ulishindwaje, na kula yangu nilikupa?"

Nilisema, "Nilikuona ulivyosimama, Petro. Wabeja," maana ndivyo wanavyoshukuru huku. Nikamsindikiza mpaka njiani, nikarudi darasani, nikawasomesha watoto irabu kwa sauti ndogo. Nguvu zimeniisha kabisa.

Nisalimie Baba. Nisalimie Mjomba Hamisi, fundi wa kanzu, umwambie ile aliyonishonea nimeshaikunja, sina mkutano wa kuivalia. Bibi mkunga naye mpe salamu zangu, na Zuhura ajisalimie mwenyewe kwa kunisomea vizuri.

Na nikijaliwa kuja, Mama yangu, nakuomba usinichinjie kuku.

Ni mimi mwanao,
Sefu