Beti Nne za Mvuke

Mama,

Hukunizaa. Aliyenizaa yuko Liwale na bado mzima, ila hapa Njombe sina mwingine wa kumwita hivyo. Mwandiko wangu ni wa darasa la pili, unaujua. Uliwahi kusema unafanana na nyayo za kuku.

Tangu tukuzike baridi imezidi. Sakitu inaanguka mpaka asubuhi majani yote meupe, na sisi tunatoka hivyo hivyo kwenda kubandua magome ya miti ya miwati, vidole havikunjiki. Kambi nzima inakohoa. Na watu wanasema, Mama. Nakuambia kwa sababu hukupenda kufichwa neno. Wanasema, "Kama majani yake ya dawa yalikuwa na nguvu, mbona kifua kimemuua mwenyewe?" Walisema hata msibani, wakila viazi vya shamba lako.

Niliwajibu palepale. Niliwaambia hukudai hata siku moja kwamba unazuia kifo. Ulisema dawa hii ni ya mafua, ya kikohozi, ya kifua kilichobana. Mtu akitema damu au akishindwa kuvuta pumzi, mbebeni hospitali, msikae kwangu kupoteza muda. Na wewe ulituambia tukubebe, tukakubeba. Ulikuwa mzee na ulichoka. Basi. Sitaki mtu anitafutie maana nyingine.

Nakumbuka mwaka niliofika. Mngindo, mtu wa joto, nimekuja na shati moja, nikaanguka karibu na uwanja wako nikitoka Makambako kwa miguu. Ukaniwekea chungu mbele ya magoti, ndani majani ya mkaratusi, mchaichai na limau limekatwa na ganda lake. Ukanifunika blanketi. Nikauliza nitoke lini. Ukasema, "Nikimaliza wimbo." Ukaanza kuimba wimbo wa kanisani kwenu, kwa Kibena, polepole kama mtu anayepalilia. Ubeti wa pili nikataka kutoka, ukanigonga kichwa kwa mwiko juu ya blanketi. "Mngindo, tulia. Bado mbili." Nikakuambia mimi ni Mwislamu, siimbi nyimbo hizo. Ukasema, "Sikuombi uimbe. Nakuomba ukae."

Nikakaa. Nilipotoka natiririka jasho ukanipaka mafuta ya kondoo kifuani, ukanipa kikombe cha tangawizi na asali, ukaniambia kwa harufu ile hata mbwa watanikimbia.

Baadaye uliponifundisha kupika majani, nilikuuliza mvuke nipime kwa kitu gani, maana saa sina. Ulicheka tu. Basi nikaukariri ule wimbo kwa sikio. Binti yako Tulizo anasema naimba upuuzi mtupu, eti mahali pa mchungaji mimi nimeweka maboga. Lakini urefu wake ni uleule, na chungu hakijui Kibena.

Sasa sikiliza lililotokea. Ulipokufa, nyapara alitutangazia kwamba mambo ya majani yamekwisha na wewe. Atakayechemsha tena atamnyang'anya kipande. Kipande unakijua, ndiyo kadi ya siku zangu za kazi, na isipojaa silipwi kitu. Changu kilikuwa karibu kujaa. Malipo yale ndiyo yangenifikisha Liwale.

Juzi Hamisi wa kwetu, yule uliyemwita Miguu Mirefu, aliamka hana sauti, kifua kinalia kama mlango wa mbao mbichi. Dresa wa hospitali alikuwa amepita jana yake, na hupita mara moja kwa wiki. Nikamtazama Hamisi kama ulivyonifundisha. Damu hakuna, pumzi anavuta. Nikateleka chungu nyuma ya jiko la kambi, nikamfunika.

Nilikuwa ubeti wa pili nyapara alipotokea. "Wewe, mfunue huyo, njooni kazini."

Blanketi likatikisika. Hamisi alitaka kutoka, mwoga yule. Nikamkandamiza kichwa, nikaendelea kuimba.

"Umebatizwa lini, Mngindo?" Watu wakacheka. Nikaingia ubeti wa tatu. Akapiga teke kuni zikatawanyika. Nikaimba wa nne, wote, na maboga yake. Kisha nikamfunua Hamisi, nikampaka mafuta, nikamfunga shingo kwa kitambaa changu. Ndipo nikamgeukia nyapara nikamwamkia kwa heshima, kama mnavyoamkiana ninyi Wabena. "Kamwene, baba. Sasa nakusikiliza."

Alinyoosha mkono tu. Nikampa kipande.

Inauma, Mama, sikufichi. Mama yangu ananingoja na sitamfikia msimu huu. Nimelia, lakini nyuma ya nyumba, na nyapara hakuniona. Hamisi sauti imeanza kurudi na amekula ugali. Lakini hata asingepona, ningefanya vilevile. Mtu anayetetemeka hawezi kungoja ruhusa.

Bila kipande kambini sikai; niko kwako sasa, nalala jikoni. Tulizo alisema, "Kaa. Ila kuni utakata mwenyewe, na huo wimbo ujifunze, unatuaibisha kwa majirani." Nimemwandikia mama yangu pia, nimemwambia ukweli.

Jana jioni walikuja wawili kutoka kambini, wanakohoa. Walipita nyuma, kwenye mahindi makavu, wameinama kama wezi wa kuku, wanaogopa kuonekana na nyapara. Nikawazuia. Nikawaambia, "Kwa Mama hakuingiwi hivyo. Zungukeni mpite barabarani, wanakopita watu wote."

Walisimama wakatazamana. Nikadhani wataondoka. Kisha wakazunguka, wakapita mbele, wima, jua bado halijazama, na nyapara yuko pale kwenye magari ya magome anawaona.

Lala, Mama. Baridi ya mwaka ujao ikifika, itakuta majani yamekwisha kukauka darini. Naahidi.

Mwanao wa Liwale.