Wifi na gari lililoganda Winnipeg

Shosti, wifi yangu Meredith kanitukana mezani kwangu. KWANGU!

Jana kaja kutoka Vancouver, anatafuna nyama yangu ya kuoka, anasema, "Nyinyi Winnipeg mna nyumba kubwa kwa sababu hakuna anayetaka kuishi kwenye friji."

Kwenye friji! Yeye kapanga chumba cha chini ya ardhi, na kwa kodi ile huku angepata nyumba nzima na uwanja. Hiyo bahari ya Vancouver anayojisifia anaiona akiwa ndani ya basi.

Nikamwambia tu, "Wifi, usiku chomeka hilo gari ulilokodi kwenye umeme, injini isigande kwa baridi."

Akacheka: "Ni gari au simu?"

Asubuhi gari haliwaki ng'o! Wifi kasimama nje, kope zimeshika barafu.

Sijamaliza kuvaa buti, jirani yangu Orest kashavuka barabara na nyaya zake za betri, koti juu ya pajama. Hakuna aliyemwita. Kaliwasha kwa betri ya gari langu, huyoo, karudi kwenye kahawa yake.

Meredith ananinong'oneza, "Tumlipe ngapi?"

Nikamwambia, "Halipwi. Wewe ukimkuta mtu kakwama, usimpite. Hiyo ndiyo gharama ya maisha huku, wifi. Nyinyi Vancouver mtaiweza?"