Kicheko Kimetoka Tanurini

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Tanuri la kuchomea vikombe bado lina joto, mtoto asilisogelee. Stika za picha zilizobaki, za kubandika vikombeni, nimeziloweka kwenye beseni la bluu. Usiyamwage maji, humo hamna vyombo vichafu!

~~Kilichotokea asubuhi sikwambii.~~ Nakwambia, nisije nikapasuka bure.

Picha imetoka! Unakumbuka ile ya harusi yetu ilivyofutika yote motoni? Stika yake niliichapa kwa printa yetu ya rangi, nikaibandika kikombeni, na wino wake wa maji uliungua. Ukakiinua kikombe cheupe pe mbele ya watoto: "Jamani, bibi harusi kakimbia!" Ukacheka mpaka ukashika mbavu. Nikakupiga picha, ukadhani nacheka nawe.

Basi picha hiyo nimeichapa kazini kwa dada, kwenye printa ya wino mweusi wa unga. Wino huo una chuma ndani yake, na chuma hakiungui. Leo nafungua tanuri, wewe huyo! Rangi ya kahawia, mdomo wazi, hata jino lako lililozibwa linaonekana. Sugua kwa waya wa masufuria uone kama utatoka.

Kikombe kimoja hicho hapo mezani, chako. Cha pili nimempelekea mwenye mkahawa, aliyesema akikipenda ataagiza vya meza zote. Jiandae, mume wangu. Mtaa mzima utakunywa chai huku ukikutazama unavyonicheka.

Bibi harusi aliyekimbia,
Mama Watoto